Kusaka Bastola ya Kushoto Tulsa

Mbele ya ukumbi wa maonyesho wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, imesimama sanamu ya mchimba mafuta yenye urefu wa mita 23 hivi. Jamaa amevaa kofia ngumu, bamba la mkanda wake limeandikwa jina la mji, mkono wa kulia ameuegesha juu ya mnara halisi wa mafuta ulioletwa kutoka Seminole, na wa kushoto ameushika kiunoni.

"Umeona, shemeji?" kaka wa mke wangu aliniuliza tulipopita chini ya viatu vya lile jitu. "Hata huyu, wa kushoto umepewa likizo."

Yeye ana shoto tangu kuzaliwa. Kwao Moshi bibi yake hakuvumilia kumwona akimpa mtu kitu kwa mkono ule, na shule ya msingi ikamalizia kazi kwa fimbo mpaka akaandika kwa kulia. Siku hizi ni raia wa Marekani, dereva wa malori ya masafa marefu. Anakula na kuandika kwa kulia, lakini nyundo, panga na bastola vilikataa kuhama. Jicho lake lenye nguvu nalo ni la kushoto, na kwa mlenga shabaha jicho huamua mambo kabla ya mkono. Alikuwa amekuja kutafuta kitu kimoja tu: bastola iliyochorwa kwa ajili ya mkono wa kushoto tangu kwenye karatasi ya mhandisi, si ya kulia iliyoongezewa vidude. Mimi nilikuja na daftari. Mgeni wa viza ya matembezi kama mimi kwa kawaida hauziwi bastola huku, na hata ningeuziwa, silaha hazijawahi kunipa raha.

Maonyesho haya huitwa kwa jina la ukoo wa Wanenmacher na yalianza mwaka 1955. Hufanyika Aprili na Novemba, mwisho wa juma, na kila mara hupangwa meza zaidi ya 4,000 katika eneo la ekari 11, zote chini ya paa moja. Ukumbi ulijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya maonyesho ya mafuta, na paa lake limening'inizwa kwa nyaya ili ndani pasiwe na nguzo za kuzuia macho. Ukisimama mlangoni unaona safu za meza zikienda mpaka watu wa mwisho wanakuwa vidoa. Harufu ni ya mafuta ya bunduki, ngozi mbichi na nyama ya moshi. Mlangoni kila aliyekuja na silaha yake huitoa, ikakaguliwa kwamba haina risasi, kisha ikafungwa kwa kamba ya plastiki ili isiweze kufyatuka. Shemeji alikuwa na rivolva yake kuukuu ya Smith & Wesson ya risasi tano. Nayo ikafungwa kamba.

Weusi hatukuwa wengi mle ndani. Mtaa wa Greenwood, ambao kundi la Wazungu liliuteketeza mwaka 1921 baada ya kuvunja maduka ya mjini na kujitwalia bunduki, uko mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, na sikuweza kutembea kati ya meza zile bila kuukumbuka. Lakini nikiri pia kwamba wauzaji walitupokea vizuri. Wengi ni wazee wastaafu waliokaa kwenye viti vya kukunja, wake zao wakifuma au kusoma pembeni, na wanachokitamani zaidi ya fedha ni mtu wa kumsimulia.

Kwenye meza ya kwanza tuliyosimama palikuwa na bastola za muundo wa 1911, zile alizozibuni John Browning, mtu wa Ogden, Utah, zikatumika katika jeshi la Marekani kwa zaidi ya miaka sabini. Shemeji aliomba ruhusa, akaishika moja kwa mkono wa kushoto, akanionyesha kasoro zake moja baada ya nyingine. Wenzo wa usalama uko ubavu wa kushoto, mahali ambapo kidole gumba cha mkono wa kulia hulala chenyewe. Yeye gumba lake liko ng'ambo ya pili, halina cha kugusa. Kitufe cha kuangushia magazini kiko ubavu huohuo. Wenzo wa kuachia slaidi, hukohuko. Na tundu la kutolea maganda limetazama kulia, kwa hiyo ganda la moto humkwepa mwenye mkono wa kulia na kukatiza mbele ya mwenye shoto. Browning hakuwa na ubaya na mtu. Aliwabunia askari, na askari walifundishwa wote kupiga kwa kulia, wapende wasipende. Wahandisi waliomfuata wakaurithi mpango wake kama ulivyo, na bastola nyingi za leo bado zinautii.

Kisha shemeji akafanya jambo ambalo lilinivuta zaidi kuliko malalamiko yake. Kwa kidole cha shahada, kilekile cha kufyatulia, akakibonyeza kitufe cha magazini bila kubadili mshiko hata kidogo. Mwenye meza akatabasamu. Alisema amewaona wenye shoto wengi wakifanya hivyo upesi kuliko wenye kulia, ambao aghalabu hulazimika kuigeuza bastola mkononi kidogo ili gumba lifike.

"Basi ya kushoto unaitakia nini?" akamuuliza.

"Nataka nijue inakuwaje mtu akinifikiria," shemeji akajibu kwa Kiingereza, halafu akanigeukia na kuongeza kwa Kiswahili kwamba hawa wazee hawataelewa.

Tulizunguka. Kila tulipouliza bastola ya mkono wa kushoto tulipata jibu la aina moja: kicheko kidogo, habari za binamu au mkwe mwenye shoto, kisha kidole kikielekeza kwenye safu nyingine. Ilikuwa kama kutafuta kiatu cha mguu mmoja katika soko la Memorial la Moshi siku ya Jumamosi. Kila mtu amekiona, hakuna aliye nacho. Muuzaji mmoja alitutolea kwa majivuno Walther P38, bastola ya jeshi la Ujerumani la enzi za Hitler, akatuambia hii ndiyo, kwa sababu inatupa maganda kushoto. Kweli inatupa kushoto. Ila wenzo wake wa usalama uko ubavu wa kushoto vilevile, chini ya gumba la mkono wa kulia, kwa hiyo aliyeibuni hakuwa na habari na wenye shoto. Aliyapitishia maganda upande wa pili tu. Mwenye shoto akiitumia, ganda humrukia upande wa mkono wake mwenyewe.

Mwingine alituletea hadithi ambayo baadaye tuliisikia tena na tena ukumbini humo, kwamba Samuel Colt alikuwa na shoto na ndiyo maana bastola ya Colt ya mwaka 1873, ile ya sinema za makauboi, ina kidirisha cha kujazia risasi ubavu wa kulia. Mwenye shoto anaweza kuiacha bastola mkononi mwake wa kushoto na kuijaza kwa wa kulia, jambo ambalo ni kweli na lilimfurahisha sana shemeji alipolijaribu. Tatizo la hadithi ni kalenda. Colt alifariki Januari 1862, miaka kumi na moja kabla ya bastola hiyo kutoka, na aliyeisimamia kazi ya kuibuni alikuwa fundi wa kiwanda chake, William Mason. Sikumwambia mzee yule. Alikuwa ameisimulia vizuri mno.

Katikati ya ukumbi, kwenye meza ya mabango na picha za zamani, Billy the Kid alikuwa akituangalia. Ni ile picha yake maarufu iliyopigwa Fort Sumner, New Mexico, karibu mwaka 1880: kofia imepinda, meno ya mbele yanaonekana, bunduki ya Winchester kaishikilia kwa kitako chini, na bastola inaning'inia kwenye nyonga ya kushoto. Kwa sababu ya nyonga hiyo, Wamarekani waliamini kwa miongo mingi kwamba jambazi wao mpendwa alikuwa na shoto. Mwaka 1958 Hollywood ikatoa filamu iliyoitwa The Left Handed Gun, Paul Newman akiwa ndiye Billy.

Lakini picha za siku zile zilitokea moja kwa moja kwenye bamba la chuma, bila negativu, na kwa hiyo kila kitu kilikaa kinyume kama kwenye kioo. Shahidi ni ile Winchester. Muundo wa 1873 una mlango wa kujazia risasi ubavu wa kulia, na pichani uko kushoto. Igeuze picha, mlango unarudi mahali pake, na bastola inahamia nyonga ya kulia pamoja nao. Bamba lenyewe liliuzwa kwa mnada mjini Denver mwaka 2011 kwa dola milioni 2.3, na aliyelinunua, bilionea William Koch, bila shaka alijua ananunua picha ya mtu wa mkono wa kulia. Muuzaji wa mabango alikuwa na nakala za aina zote mbili, iliyogeuzwa na isiyogeuzwa. Ile ya uongo, alituambia, ndiyo inayotoka zaidi.

"Mmoja tuliyekuwa naye, na huyo wamemchukua," shemeji akasema.

Nilimpa mwingine wa kumliwaza, ambaye bastola yake haikuwamo Tulsa. Károly Takács, sajenti wa jeshi la Hungaria, alikuwa mlenga shabaha hodari wa mkono wa kulia mpaka mwaka 1938, guruneti lenye hitilafu lilipomlipukia mkononi. Alipotoka hospitali akaanza upya kwa mkono wa kushoto, kimyakimya. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 1948 alichukua dhahabu ya bastola ya kufyatua haraka na kuweka rekodi ya dunia ya pointi 580. Mwaka 1952 mjini Helsinki akaichukua tena. Shemeji alitaka kujua alikuwa na jicho gani. Swali zuri. Mkono unaweza kufundishwa. Jicho lina ukaidi wake.

Na kama kuna mahali mwenye shoto anaheshimiwa bila kuomba, ni katika bastola za michezo. Meza moja ilikuwa na bastola za upepo za kulengea shabaha, na mipini yao ya mbao imechongwa kufuata kiganja: kuna bonde la gumba, kuna rafu ya kuegemea ukingo wa mkono. Mpini wa namna hiyo hauwezi kudanganya. Ukiushika kwa mkono usio wake unahisi umesalimiana na mtu wa kigeni asiyekuachia. Viwanda kama Steyr vya Austria, Morini vya Uswisi na Pardini vya Italia huchonga wa kushoto na wa kulia, na mnunuzi huchagua anapoagiza. Shemeji aliushika wa kushoto, akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza bei, akaurudisha.

Ya kwanza ya kushoto halisi tuliikuta ndani ya kabati la kioo. Ilikuwa Randall, ya chuma cha pua, iliyotengenezwa California kati ya mwaka 1983 na 1985. Kampuni hiyo ilidumu muda mfupi na bastola zake zote kwa jumla hazikufika elfu kumi, lakini ilithubutu kufanya jambo ambalo wakubwa walikuwa wamelikwepa: kuitengeneza 1911 yote kinyume. Tundu la maganda linatazama kushoto, wenzo wa usalama uko kulia, kitufe cha magazini kulia. Ukiitazama ubavuni, ubongo unakataa kwanza, kama ulivyokataa ule mlango wa Winchester. Mwenye kabati hakuruhusu iguswe bila glavu. Kibandiko cha bei kilikuwa na tarakimu nne, na alitueleza waziwazi kwamba wanaozinunua sasa ni wakusanyaji, wengi wao wenye kulia, ambao hawatazifyatua kamwe.

Ndiye aliyetueleza pia juu ya Cabot, kampuni ya Pennsylvania inayotengeneza 1911 za kifahari, zikiwamo za kushoto kabisa. Hao waliwahi kutengeneza jozi ya bastola, moja ya kulia na ya pili ya kushoto, kutokana na kipande cha kimondo cha Gibeon, kile kilichoanguka Namibia kabla ya historia kuandikwa. Kwa maneno mengine, chuma kilishuka kutoka mbinguni hadi Afrika, kikavushwa bahari hadi Pennsylvania, na hapo ndipo mwenye shoto akapata haki sawa na mwenzake. Shemeji alicheka mpaka watu wakageuka.

Kwa watu wa kawaida dunia imekwenda njia nyingine. Kwenye meza ndefu za wauzaji wenye leseni, vijana waliovaa fulana za kampuni walitujibu kwa ufupi kwamba bastola ya kushoto haihitajiki tena. Glock ya kizazi cha nne, ya mwaka 2010, ilikuja na kitufe cha magazini kinachoweza kuhamishwa upande. Ya kizazi cha tano, mwaka 2017, ikaongeza wenzo wa slaidi pande zote mbili. Mwaka huohuo jeshi la Marekani liliichagua bastola ya SIG Sauer, inayoitwa M17, kuchukua nafasi ya Beretta, na miongoni mwa masharti ya zabuni ilikuwa kwamba itumike kwa mkono wowote. Hesabu yake ni rahisi. Mtu mmoja katika kila kumi hivi ana shoto. Kutengeneza bastola iliyo kinyume kunadai kalibu mpya za fremu, slaidi na vipande vingi vya ndani, kwa ajili ya fungu moja la soko. Kuweka wenzo ubavu wa pili kunadai kipande kimoja. Maganda bado yanaruka kulia, lakini kuhusu hilo hakuna aliyetaka kuzungumza.

Naielewa hesabu yao, ila nadhani kuna jambo limeachwa. Wenye shoto walishindwa kulitengeneza soko lao kwa sababu walijua kulimudu la wengine. Kila aliyejifundisha kutumia kidole cha shahada mahali pa gumba ni mteja mmoja aliyepungua kwa Randall.

Ilikuwa alasiri tulipoipata ya bei ya mfanyakazi. Ilikuwa rivolva ndogo ya Charter Arms, kampuni ya Connecticut, inayoitwa Southpaw: risasi tano za .38, mtutu wa inchi mbili, fremu ya alumini, nyepesi hata ukiishika unahisi kuna kitu kimesahauliwa ndani. Rivolva karibu zote za Marekani silinda yake hufungukia kushoto, ili mwenye kulia aipokee kwa mkono wa kushoto na kuijaza kwa wa kulia. Hii inafungukia kulia, na kitufe cha kuifungulia kiko ubavu wa kulia, palepale gumba la mkono wa kushoto linapolala. Si nusu, si ya pande mbili. Ni ya kushoto kwa moyo wote.

Muuzaji alikuwa na leseni, kwa hiyo alikwishaiweka mezani fomu 4473 ya ununuzi wa silaha na simu ya kuwauliza FBI kama mnunuzi ana rekodi ya uhalifu. Meza ya jirani, mzee mmoja alikuwa akiuza bastola zake binafsi. Wenyeji wawili wa Oklahoma wanaweza kumalizana kwa fedha taslimu na kupeana mikono. Kwetu Tanzania mtu hujazwa maswali na polisi kabla hata hajaiona bastola, na sikuona haja ya kumwambia yeyote pale ninapendelea lipi.

Shemeji akaishika Southpaw. Uso ulimng'aa. Akaomba kuifungua silinda, akaruhusiwa, na hapo mambo yakaharibika. Kidole chake cha shahada kilikwenda ubavu wa kushoto, mahali ambapo kwa miaka yote ya Smith & Wesson yake kimekuwa kikisukuma kitufe. Hapakuwa na kitu. Kikapapasa chuma kitupu, kikarudi, kikapapasa tena. Gumba, ambalo ndilo lililotengewa kazi, lilikuwa limekaa juu ya kitufe bila kujua. Muuzaji akamwelekeza. Akafungua. Silinda ikatoka upande wa kulia, na mkono wake wa kulia, uliozoea kuisubiri kwingine, ukagongana nayo. Alijaribu tena taratibu, ikawa nafuu. Akijaribu haraka, kidole cha shahada kilirudi kulekule.

"Ukifanya mazoezi miezi michache utazoea," muuzaji akasema.

"Nilishazoea mara moja," shemeji akajibu. "Na kabla ya hapo nilizoeshwa kalamu." Akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mama mtoto wake, akamshukuru.

Nilidhani ataondoka amenuna, kumbe alikuwa na haja nyingine. Kwenye pembe ya kaskazini ya ukumbi walikaa mafundi wa ngozi, na mbele yao mapipa ya ala za bastola, kila moja na herufi mbili kwenye kibandiko: za kulia zinafika kiunoni, za kushoto ziko chini kabisa, kama zipo. Hili, shemeji alinieleza akiinama ndani ya pipa, ndilo tatizo ambalo hakuna kidole kinachoweza kulitatua. Bastola ya kulia utaimudu. Ala ya kulia kwenye nyonga ya kushoto inageuza mpini ukatazama mbele, na kamba ya kufungia inakaa mgongoni mwa mkono. Alipata za kushoto tatu, na zote zilikuwa za Glock.

Fundi, mwanamke wa makamo mwenye madoa ya rangi ya ngozi kwenye kucha, aliipokea rivolva yake ikiwa bado na kamba ya plastiki, akailaza juu ya karatasi kwa ubavu wa kushoto, akaizungushia penseli. Aliuliza anavaa mkanda wa upana gani, na kama anaendesha gari kwa saa nyingi. Aliposikia ni lori, akainamisha mchoro kidogo ili mpini usimchome mbavu akiwa amekaa. Nusu ya fedha sasa, nusu akichukua. Itakuwa tayari kwenye maonyesho ya Novemba.

"Novemba nitakuwa njiani, Nebraska huko," shemeji akamwambia. "Niandikie gharama ya posta."